Dripu Ambayo Muthama Hakuitaja

Kasyoka wa Kilungu, mama yake Mulei, alikuwa akipalilia michungwa yake mguu ulipokufa ganzi. Jicho la kushoto nalo likaanza kuona ukungu. Hospitali ya karibu ikamtundikia dripu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Kisha akatumwa Nairobi kupigwa picha ya MRI, inayoonyesha ndani ya ubongo.

Kabla ya siku ya picha, alipata nafuu. Mumewe, Muthama, ni mtu mwema, lakini hapiti karibu na maikrofoni bila kuishika. Jumapili alisimama kanisani akashuhudia kwamba mkewe amepona kwa maombi tu. Dripu hakuitaja. Waumini wakapiga makofi sana.

Safari ya Nairobi, Mzee Kiema wa kanisa aliwasindikiza. Daktari wa neva akauliza, "Mama ametumia dawa yoyote?"

Muthama akamtazama Mzee Kiema. "Hapana, daktari. Ni maombi tu."

Kasyoka akainamisha macho.

Picha ilionyesha mabaka machache meupe, lakini hakuna lililong'aa. Daktari akaona ni makovu ya zamani. Akasema hakuna haja ya kurudi kliniki.

"Si nilikuambia?" Muthama alimwambia mkewe walipofika nyumbani.

Lakini Kasyoka aliogopa. Jicho lilikuwa lake. Akaenda kwa jirani yao Wanjiro, nesi mstaafu, akamkuta akinyunyizia uwanja maji ili afagie.

"Sista, hiyo picha inaweza kudanganya?"

"Picha haidanganyi. Mlimwambia daktari juu ya dripu?"

"Hapana."

Wanjiro akaweka ndoo chini. "Wakati wa picha ulidungwa dawa kwa mshipa?"

"Ndiyo."

"Hiyo ndiyo inafanya baka lenye uvimbe mpya ling'ae. Sasa steroidi inatuliza uvimbe, na baka linaacha kung'aa. Ugonjwa bado uko. Ona huu uwanja. Nikifagia sasa, vumbi halitapanda. Mgeni atasema hapa hakuna vumbi, kwa sababu hakuniona nikimwaga maji."

"Kwa hivyo ilikuwa makosa kuwekewa dripu?"

"Hapana, Mama Mulei. Ilikusaidia kupata nafuu haraka. Usikatae dawa kwa sababu ya picha. Wewe sema tu ulipewa dawa gani na lini."

Jioni Kasyoka alimweleza mumewe. Muthama akainamisha kichwa. "Watu wataniona mwongo."

"Na mimi nikipofuka, Baba Mulei, watakuona nini?"

Muthama aliona aibu. Wiki hiyo hiyo wakarudi Nairobi, na safari hii alisema yote. Daktari hakumgombeza. Aliisoma picha upya, akamfanyia Kasyoka vipimo zaidi, akawaambia ugonjwa huo unaitwa multipo sklerosisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia neva. Hutulia, kisha hurudi. Akampangia kliniki.

Miezi ilipita. Ukungu ukarudi jichoni. Safari hii hawakungoja wala hawakuficha kitu. Kasyoka alitibiwa mapema, na ukungu ukaondoka.

Jumapili iliyofuata Muthama alishika tena maikrofoni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bwana asifiwe. Ile mara ya kwanza niliwaficha. Mke wangu aliombewa, na pia aliwekewa dripu. Yote mawili tulipewa na Mungu. Mimi ndiye nilisema nusu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Kiema akatangaza wimbo. Kasyoka akafungua kitabu cha nyimbo, akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akaimba akisoma kwa jicho la kushoto.