Taa za Gari la Mikate

Mama Usukani alipewa jina hilo na mumewe, na jina lilimkaa. Mume alikanda unga na kuoka. Mke aliendesha. Kila alfajiri, jogoo akiwa bado anasafisha koo, gari lao jeupe la mizigo lilitoka uani. Nyuma lilikuwa limejaa kreti za mikate ya moto hadi mlangoni. Mikate ilikwenda madukani, hospitalini na kwenye shule ya bweni. Harufu yake ilifika kabla ya gari.

Mama Usukani aliipenda kazi yake, tena kwa moyo wote. Alipenda barabara tupu. Alipenda kuimba bila mtu wa kumwambia anyamaze. Lakini zaidi ya yote alipenda salamu. Maana kila dereva aliyekutana naye alimwashia taa mara mbili tatu. Yeye naye ni mtu wa adabu, aliwajibu kwa honi. Hata muuza maziwa, aliyepita na baiskeli yake karibu na daraja, kila akiliona gari aliinua mkono mpaka usoni, kama askari anayempigia saluti mkubwa wake.

Alipofika nyumbani alimsimulia mumewe jinsi watu wa barabara ile walivyo wema. Mumewe alimjibu kwamba mwenye mkate mzuri hana adui. Wote wawili wakaridhika. Wewe unayesoma, usiwacheke kwanza. Nani kati yetu hajawahi kupewa lawama akadhani ni sifa?

Basi, alfajiri moja ya manyunyu, muuza maziwa alikuwa akikokota baiskeli yake kupanda kilima. Mama Usukani hakumwona. Matawi ya miti aliyaona vizuri kabisa. Waya za umeme aliziona. Chini, barabarani, palikuwa giza. Alipokuja kumwona, mtu yuko mbele ya pua ya gari. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari lilisimama. Kreti ziliangukiana huko nyuma, na baiskeli ikalala chini, na maziwa yakamwagika.

Mama Usukani alishuka mbio. Muuza maziwa alikuwa mzima, amesimama, mkono wake bado uko usoni.

"Mama," alisema, "mikate yako naila kila siku na ni mitamu. Lakini taa zako zitaniua. Miaka yote hii nikikutana na wewe naziba macho."

Mama Usukani aliinama akaiinua baiskeli. Kumbe ile saluti haikuwa saluti. Na wale madereva wote hawakuwa wakimsalimia, walikuwa wakimlalamikia. Aibu ilimshika, na hofu ilimshika zaidi. Alimlipa maziwa yake, akampa na mikate, akaendesha polepole mpaka mwisho wa safari. Siku hiyo hakuimba.

Aliporudi aliweka funguo za gari juu ya meza ya unga.

"Macho yangu yamechoka, baba watoto. Tafuta dereva mwingine kabla sijaua mtu."

Mwokaji alibaki na donge la unga mikononi. Alimjua mkewe. Kumtoa kwenye usukani ni kumtoa furaha yake. Alimwomba asikate tamaa, akasema labda si macho, labda ni taa. Na kwa kuwa mambo ya taa yana mwenyewe, alimwita shemeji yake.

Shemeji huyu, mdogo wake Mama Usukani, aliuza spea za magari, na maneno yake yalikuwa na mafuta. Alifika jioni na simu yenye picha. Aliwaonyesha taa za kisasa za magari mapya. Taa zinazofuata usukani, ukikata kona nazo zinakata kona. Taa zenye kamera, gari likija mbele zinajipunguzia mwanga upande ule tu ili zisimpofushe mwenzako. Mwokaji alisikiliza mdomo wazi. Alikuwa na akiba aliyoiweka kwa ajili ya tanuri la pili, na pale pale akaanza kuifikiria hiyo akiba kwa jicho jingine. Shemeji alisema taa zile ataziagiza. Kwa sasa anazo balbu za LED, nyeupe pe, ambazo nazo ni moto wa kuotea mbali. Wakazifunga jioni ile ile.

Kesho yake mwokaji alimbembeleza mkewe atoke mara moja tu, ajaribu. Loo! Waliokuwa wakimwashia taa mara mbili sasa walimwashia mara kumi. Wengine waliongeza na honi. Kwenye njia panda askari wa barabarani alimsimamisha, akakaribia akiwa amekunja uso, akamwuliza kama amebeba mikate au amebeba jua.

Mama Usukani alirudi akiwa amekasirika, na hasira ni bora kuliko huzuni. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani.

Jirani huyu alikuwa mwanamke, fundi wa umeme wa magari, na mtaa mzima ulimwita Cheche. Alijua kazi yake na alijua kwamba anaijua. Alimsikiliza Mama Usukani mpaka mwisho, kisha akamwambia alete gari jioni, likiwa limepakiwa mzigo kama linavyotoka alfajiri. Mwokaji aliposikia alinung'unika. Nani anapakia kreti nzito kwa ajili ya kukagua taa?

"Jirani, mgonjwa anapimwa akiwa na homa yake," Cheche alimwambia. "Pakia."

Wakapakia. Giza lilipoanza kuingia, gari lilisimamishwa mahali tambarare, hatua kumi kutoka ukuta wa chumba cha tanuri. Cheche alipima kimo cha taa. Alichovya kidole kwenye uji wa unga, akachora mstari ukutani kwa kimo kile kile. Akaeleza kwamba mwanga wa karibu, ule tunaoutumia tukikutana na wenzetu, unatakiwa ubaki chini ya mstari huo. Ukipanda juu yake, unaingia machoni mwa watu.

Mama Usukani akawasha taa. Mwanga uliruka mstari, ukaruka na ukuta wenyewe, ukatua kwenye dirisha la juu la nyumba ya Cheche.

"Kumbe ni nyinyi," alisema Cheche. "Na mimi kila alfajiri nadhani ni mwezi."

Akaagiza kreti zishushwe. Zilivyokuwa zikishuka, nyuma ya gari iliinuka na pua ikainama. Mwanga nao uliteremka ukutani taratibu mpaka ukatulia chini ya mstari. Mama Usukani alitazama ukuta, akatazama kreti, akamtazama mumewe. Mumewe alitazama viatu vyake. Ni yeye aliyezilenga taa zile, siku ya mapumziko, gari likiwa tupu na limeoshwa.

"Gari likilemewa nyuma, pua inatazama juu," Cheche alieleza. "Taa zinakwenda kumulika ndege. Wewe barabara huioni, na mwenzako unampofusha. Dada, macho yako hayana kosa hapo."

Mama Usukani alishusha pumzi ndefu. Ilikuwa kama mtu amemtua gunia la unga mgongoni.

Cheche akaingia ndani ya gari. Alisema gari lenyewe lina dawa yake, kigurudumu kidogo kando ya usukani, chenye namba kuanzia sifuri mpaka tatu. Akakipata. Akajaribu kukizungusha, kikagoma. Kilikuwa kimezibwa na kitu cheupe, kigumu mithili ya jiwe. Aliking'oa kipande kwa bisibisi, akakinusa.

"Huu ni unga," alisema.

Mwokaji alikohoa. Ikabidi aseme ukweli. Siku waliyolinunua gari aliona zile namba, akadhani ni za kuongeza mwanga, na kwamba namba kubwa inakula betri. Akaweka sifuri. Na ili mtu asije akakichezea, akakiziba kwa donge la unga.

Mama Usukani alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya kreti. Cheche naye akacheka, na mwisho mwokaji mwenyewe akashindwa kujizuia.

Walipomaliza kufuta machozi, Cheche aliendelea na somo. Namba zile hazili betri. Kazi yake ni kushusha taa. Gari tupu, weka sifuri. Gari likijaa nyuma, panda namba mpaka mwanga urudi chini ya mstari. Wakapakia tena, Mama Usukani mwenyewe akazungusha, na kwenye tatu mwanga ukarudi mahali pake.

Haikuishia hapo. Vifuniko vya taa vilikuwa vimefubaa na kuwa vya njano, navyo Cheche alivisugua kwa msasa laini na maji, akavipaka dawa ya kung'arisha. Kisha akapitisha kidole ndani ya kioo cha mbele. Kidole kilitoka cheupe. Vumbi la unga la miaka lilikuwa limetanda pale, na kila taa ikija mbele, kioo kizima kinawaka. Mwokaji aliagizwa kitambaa safi, akapangusa mwenyewe bila kuambiwa mara ya pili.

Shemeji alikuwa amefika na anatazama. Aliuliza kama basi taa zake za kisasa ni utapeli.

"Hapana," alisema Cheche. "Taa zile ni nzuri kweli. Mtu anayesafiri usiku kila siku, njia ndefu isiyo na taa, yenye kona nyingi, akinunua gari lililokuja nazo, hajapoteza pesa. Lakini zinakwenda na kamera yake na kompyuta yake. Huwezi kuzibandika kwenye gari hili kama kiraka. Na ikipasuka moja, mara nyingi hubadilishi balbu, unabadilisha taa nzima. Kwanza fanya uliyonayo ifanye kazi, ndipo uulize kama unahitaji nyingine."

Shemeji aliuliza tena, na balbu nyeupe je? Cheche alimjibu kwamba LED si mbaya ikiwa taa imetengenezwa kwa ajili yake. Taa za gari hili zilitengenezwa kwa balbu ya kawaida. Ukiweka isiyo yake, mwanga unatawanyika ovyo na kuwachoma watu macho. Alizitoa, akafunga zinazostahili, upande huu na upande ule. Shemeji alizipokea balbu zake, akasema leo amejifunza bure, na fundi akamwambia nani kasema bure, lete soda.

Jambo la mwisho Cheche alimwambia Mama Usukani akapimwe macho hata hivyo, maana taa haitibu jicho. Alikwenda kesho yake. Mpimaji alimwambia macho yake ni mazima, arudi tu kupimwa kila mwaka. Alirudi nyumbani akiimba, akachukua funguo zake mezani, akazipangusa unga. Ile akiba ikabaki akiba, na baadaye ikawa tanuri la pili. Lakini hayo ni ya baadaye.

Alfajiri iliyofuata alipakia, akaweka tatu, akatoka. Barabara yote ilikuwa mbele yake, mashimo yake, kingo zake, hata paka aliyekuwa akivuka. Magari yalimpita kimya kimya, hakuna aliyemwashia taa. Mtu mwingine angeona upweke. Yeye aliona raha.

Karibu na daraja alimwona muuza maziwa, kutoka mbali kabisa. Mara hii mkono haukuwa usoni. Na ndipo Mama Usukani alipotambua kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kuuona uso wake alfajiri barabarani. Ulikuwa uso mpana, wenye ndevu za mvi na mwanya mkubwa katikati ya meno, na ulikuwa unacheka.

Muuza maziwa akainua mkono juu, akampungia.

Hii sasa ilikuwa salamu. Mama Usukani akamjibu kwa honi.