Namba 2214 Imelala

Siku ya mwisho ya kutuma maombi ya vyuo, duka la Vestina la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na soko la Bukoba lilijaa watu hadi mlangoni, na kompyuta ikachagua siku hiyohiyo kugoma. Vestina, gauni lake la kitenge cha kijani limelowa jasho mgongoni, alikuwa akiipiga makofi.

"Dada, utaionea bure," alisema kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa pasi barabara. "Humo ndani wanagombania nafasi. Niruhusu."

Akafungua dirisha jeusi, akaandika herufi mbili tu, na orodha ikashuka: kila programu na namba yake. Moja akaisimamisha, nyingine akaipeleka nyuma ifanye kazi kimyakimya, ya tatu akaiua. Kompyuta ikaamka.

"Ukifunga dirisha usidhani waliomo wote wametoka," alisema. "Wengine hubaki. Unawatafuta kwa namba."

"Na wewe unatafutwa kwa namba gani?" Vestina akaushangaa ulimi wake mwenyewe.

Aliitwa Joackim, fundi kompyuta. Kuanzia juma lile, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, ujumbe wake uliingia kwenye simu ya Vestina. Naye akapenda, tena akapenda kweli.

Miezi miwili baadaye wakaenda Muleba kwa Mama Felicitas, mzazi wa Joackim. Vestina akalala chumba kimoja na mama. Alfajiri Joackim alikuwa anatoka shambani, mkungu wa ndizi begani, matope hadi magotini, simu ya Vestina ilipolia: "Nimeamka sasa hivi mpenzi, hata uso sijanawa, nakuwaza."

Vestina akamtazama. "Joackim, nani ananiandikia?"

Mkungu ulishuka wenyewe. "Ni programu, waitu mpenzi. Niliisahau. Lakini ..."

"Miezi miwili nachumbiwa na mashine!"

Akapanda basi la kwanza. Simu za Joackim hakupokea. Ujumbe wa asubuhi, hata hivyo, uliendelea kuja, na kila ulipokuja ulimchoma upya. Siku ya tatu Joackim akamwandikia: "Huu naandika kwa mkono. Ile programu iko kwenye kompyuta ya dukani kwako, niliiweka huko kwa sababu kompyuta hiyo huizimi. Nilifunga dirisha tu. Ukitaka, iue."

Vestina alifungua dirisha jeusi, akaandika zile herufi mbili. Alimwona: namba 2214, jina vestina, amelala, anasubiri saa kumi na mbili. Kidole kilikuwa tayari kuua. Akakizuia, akaisimamisha kwanza, akafungua faili ililokuwa ikilisoma.

Alidhani atakuta maneno ya kuokoteza. Akakuta tarehe. Kila Jumatatu Joackim alipopita "kuisafisha kompyuta" aliandika maneno ya juma zima: *Ijumaa ulicheka na ndizi mdomoni. Lile gauni la kijani lisichakae upesi.* Maneno yalikuwa yake yote. Mashine ilikuwa tarishi tu wa mtu asiyeweza kuamka kabla ya saa mbili, isipokuwa mama yake akimwamsha.

Mstari wa mwisho haukuwa na tarehe: *Huu usitumwe. Huu nitausema mwenyewe.*

Vestina akampigia, machozi yakimtiririka bila aibu. "Kuna mstari hujautuma."

"Umeuona?" Joackim akauliza.

"Sijausikia."

Alasiri ile Joackim akashuka kwenye bodaboda mbele ya duka, shati jeupe lote vumbi, wateja wakitazama. "Vestina, niruhusu nije Kaagya kwa baba yako, na mshenga na pombe ya rubisi."

"Njoo," alisema Vestina. "Lakini hii tuiue kwanza."

"Namba unayo, mpenzi."

Akaiua.

Kesho yake simu haikuleta ujumbe. Iliita. Sauti ilikuwa nzito ya usingizi. "Umeamkaje, waitu?"

"Umechelewa dakika nne. Mwenzako hakuwahi kuchelewa."

"Nimrudishe?"

"Thubutu!" alisema Vestina, akajifunika shuka hadi kichwani ili aongee naye vizuri.