Bwawa la Kavumbi

Mvua ilikosekana Magarini mwaka mzima. Kila alfajiri Nyevu alikwenda mbali kuteka maji. Njiani alipita shamba la jirani yake, Kavumbi. Mahindi ya Nyevu yalikauka yakiwa machanga. Mihogo ya Kavumbi ilikuwa ya kijani, maana zamani alichimba bwawa la kukinga maji ya mvua.

Nyevu aliona donge.

"Kavumbi ana nini nisichokuwa nacho mimi?" alimwuliza mumewe, Tsuma.

"Ana bwawa. Alikwambia mchimbe pamoja, ukakataa."

Jibu hilo lilimchoma zaidi.

Siku moja wakaja wafugaji kutoka Mto Tana, na ng'ombe waliokonda. Kavumbi aliwaruhusu kuwanywesha. Nao wakampa kibuyu cha maziwa. Nyevu alipokiona kibuyu kile, roho ilimuuma. Akawakimbilia wanaume wa kijiji.

"Kavumbi amewauzia wageni maji! Kesho watachukua na mashamba yetu!"

Wanaume wakashika pinde na mishale, wakakimbilia bwawani. Wafugaji nao wakainua mikuki. Tsuma alikuwa mbele, upinde ameuvuta. Kijana mmoja wa kifugaji alimlenga yeye kifuani. Nyevu akaona mumewe atakufa.

"Tsuma, weka chini!" alipiga kelele. "Hakuna kilichouzwa! Nilisema kwa wivu!"

Tsuma akashusha upinde, na yule kijana akashusha mkuki. Bi Hafidha, afisa wa kilimo kutoka Malindi, alikuwa hapo akikagua mihogo. Akaingia katikati.

"Mzee, mbona mmekuja mbali hivi?" alimwuliza Galgalo, mkubwa wa wafugaji.

"Malisho yamekwisha, mwanangu. Ndugu zetu wengine wamevuka mpaka wa nchi. Huko nako watu wanauana visimani."

Bi Hafidha akawageukia wanakijiji. "Mmesikia? Mvua ikipotea, watu huhama. Wakihama bila mapatano, hupigana. Leo jirani na jirani, kesho nchi na nchi. Na majira yanabadilika, ukame utarudi. Askari watazuia vita, lakini hawataleta mvua. Wekeni maji akiba, tena mpatane mapema."

Wakaketi, wakapatana. Ng'ombe wangenywa kwenye hori, nje ya bwawa, wasikanyage mihogo. Samadi ingebaki shambani. Wafugaji wangesaidia kuchimba bwawa la pili, kwenye shamba la Nyevu.

Siku ya kuchimba, Kavumbi alimsogelea Nyevu. "Bado wanionea kijicho?"

"Kidogo," Nyevu alijibu, macho chini. "Nisamehe, mwenzangu."

"Haya, shika jembe."

Mvua iliponyesha, mabwawa yote mawili yalijaa. Miaka michache baadaye kiangazi kikali kilirudi. Safari hii wafugaji walimtuma mtu mbele kuomba maji. Tsuma alimwona akija peke yake njiani. Akaingia ndani, akamtolea kiti.