Nyumba Isiyo na Ngazi

Siku tatu kila wiki, kabla hata ya kahawa, Vernell Gaskins hushuka ngazi kinyumenyume. Mkewe, Earlene, humshika mabega na kumfuata polepole. Wanakaa ghorofa ya tatu mjini Trenton, Marekani, na jengo lao halina lifti. Earlene ana ugonjwa wa figo. Ni lazima aende kliniki kusafishwa damu, iwe mvua au theluji.

"Taratibu, mzee," Earlene humwambia. "Ukianguka wewe, mimi nitaangukia wapi?"

"Juu ya tumbo langu. Unadhani nimelilea bure?"

Hucheka wote wawili. Lakini magoti ya Vernell yamechoka. Alikuwa kinyozi, amesimama maisha yake yote. Anajua kwamba siku moja yatamsaliti, na atakayeumia ni Earlene.

Mwaka mmoja walipata bahati. Baada ya kungoja miaka mingi, serikali iliwapa vocha ya nyumba. Mwenye vocha hulipa sehemu ya kodi kulingana na kipato chake. Sehemu iliyobaki, serikali humlipa mwenye nyumba moja kwa moja. Ila vocha ina tarehe ya mwisho. Usipopata nyumba kabla ya hapo, unaipoteza na unarudi mkiani mwa foleni. Yao sasa ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Vernell alipiga simu kila mahali. Kila alipofika kwenye neno vocha, sauti ilimshuka.

"Samahani sana, bwana. Sisi tuna, eh, vocha."

"Hatumo kwenye mpango huo," walimjibu.

"Haya, asante."

Asante ya nini sasa? Mtu amekufungia mlango usoni, nawe unamshukuru. Lakini Vernell aliona haya. Alijiona kama mtu anayeomba sadaka.

Siku moja akapata nyumba ya ghorofa ya chini, karibu kabisa na kliniki. Dalali alimchangamkia. "Njoo uione leo hii," alisema. Vernell akataja vocha. Dalali akasema, "Aa, nimekumbuka. Imeshachukuliwa."

Jioni Vernell alikaa jikoni, chakula hajakigusa. Jirani yao Bernadine Crews akaingia na mkate wa mahindi. Bernadine aliwahi kuendesha basi la shule. Baada ya kustaafu alijitolea katika chama kinachotetea haki za wapangaji.

"Huyu ana nini?" alimuuliza Earlene.

"Nyumba imechukuliwa," Earlene alisema.

"Lini?"

"Nilipotaja vocha," Vernell alijibu.

"Ehee. Hebu nipe hiyo namba, shemeji."

Bernadine akapiga simu na kuweka sauti ya juu ili wote wasikie. Akasema yeye na mumewe wanatafuta nyumba, na kodi watalipa kwa mishahara yao.

"Nyumba ipo, mama," dalali akasema. "Njooni kesho asubuhi."

Bernadine akakata simu. Earlene akamtazama. "Dada, umeolewa lini wewe?"

"Kwenye kazi hii ya simu naolewa kila wiki," Bernadine akasema. "Ndivyo chama chetu kinavyowapima madalali na wenye nyumba."

Vernell hakucheka. Hasira ilikuwa imempanda. "Amenidanganya mchana kweupe."

"Amekudanganya, na amevunja sheria. Hapa New Jersey, mwenye nyumba haruhusiwi kumkataa mtu kwa sababu ya mahali pesa yake inapotoka, ilimradi ni pesa halali. Iwe vocha, iwe pensheni, iwe malipo ya ulemavu."

"Lakini wanasema hawamo kwenye mpango."

"Kwani mpango ni kwaya, kwamba anajiunga anayependa kuimba? Sheria inamhusu apende asipende."

"Mwingine alitaka kipato changu kiwe mara tatu ya kodi."

"Apime kwa ile sehemu utakayolipa wewe. Si kodi nzima."

"Kwa hiyo hawezi kunikataa kabisa?"

"Anaweza. Kama uliharibu nyumba ya watu, au hukulipa kodi, atakukataa, na ni haki yake. Mradi kila mwombaji anapimwa kwa kipimo hicho hicho."

 Katika nyumba hii Vernell hajawahi kuchelewesha kodi. "Sasa nifanye nini?"

"Maneno ya simu hupotea. Mwandikie yule dalali ujumbe, halafu uhifadhi jibu lake. Na ofisi ya vocha uiombe muda zaidi, nayo kwa maandishi. Uiombe kabla tarehe haijafika."

Vernell akavaa miwani na kuanza kuandika. Earlene akachungulia begani kwake.

"Futa hiyo samahani," akasema.

"Ni adabu tu, mama."

"Adabu ni 'habari za jioni'. Samahani ni ya mwenye kosa. Wewe umekosa nini?"

Vernell akaifuta. Akaandika kwamba ana vocha, na anataka kuiona nyumba. Jibu likaja upesi: "Hatuchukui vocha."

Kesho yake Bernadine alimpeleka chamani. Wakili wa chama alisoma ule ujumbe, akampigia mwenye nyumba. Alimweleza sheria kwa upole. Alimweleza pia kwamba Vernell anaweza kushtaki katika ofisi ya haki za raia ya jimbo, bila malipo. Mwenye nyumba akasema dalali alijiamulia mwenyewe. Kama ni kweli au si kweli, anajua yeye. Akawaita waombe nyumba kama watu wengine. Aliuliza kuhusu kodi zao za nyuma, akakuta ni safi, akawakubali.

Ofisi ya vocha iliwaongezea muda. Mkaguzi wa ofisi hiyo akaja, akaipitisha nyumba. Wakahamia kabla theluji haijaanza.

Siku ya kwanza ya kliniki, Vernell alivaa viatu haraka. Akaenda chumbani amshike mkewe. Kitanda kilikuwa kitupu. Akaangalia jikoni, hayupo. Akakimbilia nje.

Earlene alikuwa ameshakaa ndani ya gari lao, amejifunga mkanda, mkoba mapajani.

"Unanichelewesha, mzee," alisema. "Funga mlango twende."