Pumzi za Jumapili

Maiti ilikuwa imeketi. Mgongo uliegemea mguu wa meza ya kazi, miguu ilinyooka mbele, na mapajani kulikuwa na ubao wa mwerezi uliopigwa randa upande mmoja tu. Randa yenyewe ilikuwa sakafuni, karibu na mkono wa kulia.

Inspekta alichuchumaa bila kugusa kitu. Marehemu alikuwa mwanamume wa miaka sitini hivi, maranda yamemnasa kwenye nywele. Midomo ilikuwa ya zambarau. Hakukuwa na damu wala dalili za purukushani.

"Ni nani?"

"Fundi Mkuu, afande," Koplo alijibu. "Wote hapa wanamwita hivyo. Ni kaka wa mwenye karakana. Aliacha kazi miezi saba iliyopita kwa sababu ya pumu. Vumbi la mbao lilimharibu kifua. Daktari alimkataza hata kupita mlangoni hapa."

"Na bado yumo ndani."

"Yumo ndani, na mdogo wake anasema alipofika leo asubuhi kufungua, kufuli lilikuwa limefungwa kwa nje kama alivyoliacha Jumamosi."

Hapo Inspekta akainuka, akamwita mpiga picha. Mtu anaweza kuingia mahali alipokatazwa akafia humo. Kujifungia kufuli kwa nje, hilo hajalisikia.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha mawili ya nondo. Msumeno wa umeme ulikuwa umefunikwa turubai. Vumbi jekundu lilikuwa limetanda kila mahali: juu ya taa, juu ya kalenda, hata kwenye utando wa buibui. Lakini chini ya meza ya marehemu palijaa maranda mapya, marefu na membamba, yaliyojikunja. Mashine haitoi maranda ya namna hiyo. Ni mkono.

Mifukoni alikuwa na leso, penseli na kidaftari kidogo kilichojaa namba. Hakuwa na ufunguo. Hakuwa na pampu ya pumu.

"Mgonjwa wa pumu haachi pampu, afande," Koplo alisema. "Mama yangu akiisahau, hata awe amefika sokoni, anarudi."

Saa nne mwenye karakana alikuwa kituoni, mbele ya meza ya Inspekta. Macho yalikuwa mekundu.

"Funguo za kufuli ziko ngapi?"

"Mbili. Moja ninayo mimi."

"Ya pili?"

"Ya kaka."

"Miezi saba hafanyi kazi kwako. Kwa nini hukuichukua?"

"Ningemwambia nini? Yeye ndiye aliyenifundisha kushika nyundo. Kumwomba ufunguo ni kumwambia hatarudi tena."

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Hapana."

"Nasikia alijiunga na utafiti wa daktari wa mapafu anayechunguza vumbi la karakana. Majibu yakitoka, karakana yako inaweza kufungwa."

"Wanaweza kunilazimisha kuweka mashine ya kufyonza vumbi. Hilo nalijua."

"Jana, Jumapili, ulikuwa wapi?"

Mwenye karakana alifuta vumbi kwenye goti la suruali yake.

"Nimekuuliza."

"Nilikuwa na shughuli zangu."

"Zipi?"

"Zangu, afande."

Akakohoa ndani ya ngumi, kikohozi kikavu kilichokataa kuisha. Inspekta alisubiri kiishe, kisha akaamuru alama za vidole zichukuliwe na mtu huyo akae mahabusu.

Mchana ripoti ya uchunguzi wa maiti ikaletwa. Njia za hewa zilikuwa zimezibwa na ute mzito. Hakunyongwa, hakupewa sumu. Alikufa kwa shambulio la pumu, kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri ya Jumapili. Basi kilichobaki ni kumjua aliyefunga mlango. Inspekta alitia kile kidaftari mfukoni, akaenda hospitali kumwona daktari mtafiti.

Daktari huyo alikuwa mwanamke mwembamba mwenye meza iliyojaa karatasi za mistari. Aliposikia nani yuko mahabusu, alitikisa kichwa.

"Huyo alikuwa hapa jana. Kuanzia saa saba mpaka saa kumi na mbili. Mafundi nawapima pia siku yao ya mapumziko, ili nilinganishe na siku za kazi. Aliniomba nisimwambie mtu. Anasema vijana wakijua bosi naye ana kifua, nani atabaki?"

Inspekta alimpigia Koplo simu, mwenye karakana aachiwe. Kisha akaweka kidaftari mezani.

"Nisaidie kusoma hiki."

"Kila aliye kwenye utafiti nimempa mrija wa kupima pumzi. Anapuliza mara nne kwa siku, anaandika namba. Ikipanda, njia za hewa ziko wazi. Ikishuka, zimekaza." Alimwonyesha karatasi ya fundi mwingine. Mstari ulishuka kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, ukainuka Jumapili. "Hivi ndivyo ninavyojua kuwa ni kazi inayowaumiza, si baridi wala moshi wa jikoni."

"Na huyu?"

Daktari alifungua kidaftari, akakipitia kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Huyu hakuwa kazini. Namba zake zilipaswa kubaki juu wiki nzima. Na ziko juu kweli, mia nne na kumi, mia nne na ishirini. Lakini tazama Jumapili jioni. Mia mbili sabini na saba. Jumapili nyingine, mia mbili sitini na saba. Wiki nane hivi hivi." Alivua miwani. "Wenzake wanapata nafuu Jumapili. Yeye anaugua Jumapili."

"Alikuwa anakwenda karakana."

"Kila wiki. Na akaniandikia ukweli wake wote. Angeweza kujaza namba za uongo nisijue."

Inspekta aliinama juu ya ukurasa. Namba za katikati ya wiki zilikuwa nene, za penseli ya seremala. Za Jumapili jioni zilikuwa za kalamu ya wino, nyembamba, na kila saba ilikatwa kistari katikati.

"Hizi ameandika nani?"

"Si yeye. Mtu mwenye pumzi kidogo hivi, mkono wake hautulii."

"Na jana, marehemu angeweza kuomba msaada? Kugonga mlango?"

"Si lazima. Kifua kikikaza kabisa hakitoi hata mluzi. Mtu anakaa chini, anatafuta hewa kimya kimya."

Inspekta alimpitia Koplo, wakaenda kwa mke wa marehemu, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni kwake. Ukutani, karatasi za vipimo vya wateja zilikuwa zimebanwa kwa pini: mabega, kiuno, urefu wa mkono. Inspekta hakuhitaji kuzisogelea. Kila saba ilikuwa na kistari.

Kando ya dirisha palikuwa na kiti kimoja kilichobonyea. Hakuna aliyekikalia.

"Pole tena, Mama," Inspekta alisema. "Asubuhi ulimwambia Koplo kuwa ulidhani mumeo amelala kwa shemeji yako."

"Ndiyo."

"Hukumpigia shemeji yako simu?"

"Hapana."

"Pampu ya mumeo iko wapi?"

Mama aliondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani. Akafungua mkoba wake, akaiweka pampu mezani, na kando yake ufunguo mdogo wa kufuli.

"Nilidhani mtakuja mapema zaidi," alisema.

Koplo alimwonya kwamba lolote atakalosema litaandikwa na laweza kutumika mahakamani.

"Andika, mwanangu."

"Nani alianza mambo ya Jumapili?" Inspekta aliuliza.

"Mimi."

"Si yeye?"

"Yeye asingethubutu. Miezi mingi alikaa kwenye kiti kile. Daktari alinirudishia mtu anayepumua vizuri, ila sikumfahamu. Haongei. Chai inapoa mbele yake. Anainuka, anapapasa fremu ya mlango, anarudi kukaa. Mume wangu yupo mbele yangu, na bado nina hamu naye kama aliyesafiri. Siku moja nikachukua ufunguo wake, nikamwambia twende. Saa mbili tu. Hakuna msumeno, hakuna msasa, ni randa ya mkono. Randa ya mkono haina vumbi la kuua. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya."

"Na kufuli?"

"Asije mtu akamkuta, akapeleka maneno kwa shemeji. Namfungia, nakaa nje ukutani na ufunguo."

"Alikuwa anatengeneza nini?"

"Hakuna. Anapiga randa ubao mpaka unaisha, anachukua mwingine." Kwa mara ya kwanza alikaribia kutabasamu. "Jumapili ya kwanza alirudi kifua kinalia kama mlango mbovu. Alipopuliza mrija, nikamwambia hii tusiandike. Akasema andika, nisiwaharibie wenzangu hesabu. Halafu akala, akaomba tena. Akanisimulia nyuzi za ubao ule zinavyokwenda, vile alivyokuwa akinisimulia nikiwa msichana. Wiki nzima tukawa tunaisubiri Jumapili kama wachumba."

Koplo aliacha kuandika, kisha akakumbuka, akaendelea.

"Pampu ilifikaje kwako?"

"Aliniachia. Alisema ikiwa mfukoni mwake anajiona mgonjwa. Nami nikakubali."

"Na jana?"

Mama alilaza viganja vyake juu ya kitambaa.

"Nilikuwa naisikia randa. Ina sauti yake, ndefu, halafu inakatika, halafu ndefu tena. Nilikuwa nimefumba macho, nina raha. Ikanyamaza. Nikasema anautazama ubao. Ana tabia hiyo, akiupenda ubao anaweza kuutazama nusu saa nzima. Sikutaka kumkatiza."

"Ulikaa muda gani?"

"Nusu saa. Labda zaidi. Nilipofungua, nilimwita, nikamwekea pampu mdomoni. Dawa haikuingia hata kidogo. Hakuvuta."

Nje mtu alipita na baiskeli inayolia mnyororo. Inspekta alingoja ipite.

"Mama, itabidi twende wote kituoni. Jalada litapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Yeye ndiye atakayeamua."

"Naelewa. Na kile kidaftari?"

"Kesi ikiisha kitarudi kwa daktari."

"Kirudi. Kina kazi ya watu."

Inspekta alikuwa na kila kitu: ufunguo, mwandiko, kauli. Jambo moja tu lilikuwa halijamwingia akilini.

"Ulikuwa umeshaona amefariki. Hakuna aliyekushuku lolote. Ungeweza kumwita jirani, au shemeji yako. Kwa nini ukafunga tena kufuli, ukaja nyumbani ukanyamaza mpaka asubuhi?"

Mama alijifunga kitambaa kichwani taratibu, akakaza fundo.

"Nilirudi nikapika cha watu wawili, nikafunika sahani yake," alisema. "Miaka thelathini na mmoja nimemsubiri mtu huyu atoke kazini. Nilitaka nimsubiri mara moja zaidi."