Petroli ya Boti Ndani ya Kifaduro

Kila asubuhi nyumbani kwetu Kilindoni kazi huanza kwa kuliamsha gari. Mimi, Valence, naamka kwa kuitwa mara tatu. Gari linataka kubembelezwa. Ni gari dogo la dizeli, lililokuwa jeupe zamani, lililokwisha kutembea kilomita laki nne mikononi mwa watu watatu kabla Mama hajalinunua. Likiwaka hukohoa, hupumzika, hukohoa tena, na moshi wake hufika kwa jirani bila hodi. Mama, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyelipa jina la Kifaduro.

Kwa Kifaduro hilo Mama huenda kazini kwenye zahanati ya upande wa Utende, siku sita kwa wiki. Hurudi miguu imevimba, akakaa kizingitini na kuvua viatu kabla ya kusema neno. Kwa hiyo kazi ya mafuta ni yangu: kununua dizeli kwa dumu la njano na kuimimina tangini asubuhi kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako.

Kibarazani kwetu palikuwa na dumu jingine la njano. Hilo lilikuwa la jirani yetu Mzee Shaibu, anayepeleka wageni baharini kuona papa potwe. Mkewe, Bi Biubwa, hukaanga vitumbua alfajiri, hivyo petroli ya boti haiwezi kulala karibu na jiko lake. Inalala kwetu. Mzee Shaibu hulifunga dumu lake kitambaa chekundu, na mtaa mzima unajua maana yake: hii ya boti, usiguse.

Jumapili jioni mpira wetu wa matambara ulifumuka. Nilitazama huku na huku, nikaona kitambaa chekundu kimekaa tu, hakina kazi. Nikakifungua. Tulishinda matatu kwa moja.

Jumatatu niliamka pua ikiwa bado imelala. Nikachukua dumu, nikamimina lita tano tangini, nikarudisha dumu tupu kibarazani.

Mama alikuwa ameshaingia garini Mzee Shaibu alipopiga hodi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja kibarazani. Akatikisa dumu tupu. Akafungua lililojaa, akanusa, akakunja uso. Akaniuliza taratibu kama kuna mtu amegusa vyombo vyake, maana hii aliyoishika ni dizeli na wageni wanamsubiri ufukweni.

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye ndala.

Kifaduro haliwashwi hapohapo. Unazungusha ufunguo nusu, unasubiri plagi zipate joto, na kwa uzee wake Mama huhesabu mpaka thelathini ndipo awashe.

"Kumi. Kumi na moja," alihesabu, macho ameyafumba, kichwa kimeegemea kiti.

Nikapiga hesabu zangu. Nikinyamaza, nani atajua? Gari kuukuu huharibika, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini siku ile ilikuwa ya chanjo, na kina mama wengine walikuwa njiani tangu alfajiri na watoto mgongoni. Nikatazama kola ya sare ya Mama, ilivyoshonwa mara mbili. Gari jingine hana, na hatalipata.

"Ishirini na sita. Ishirini na saba."

"Mama, usiwashe. Nimetia petroli ya boti."

Hakunifokea. Heri angefoka. Alichomoa ufunguo, akauliza ni lita ngapi, nikasema tano. Mzee Shaibu akauliza kitambaa chake kiko wapi, nikasema kimo ndani ya mpira.

"Basi leo wageni wangu watapiga makasia," alisema, akaenda kuazima petroli kwa mwenzake.

Mama alipanda bodaboda, mkoba mapajani. Baada ya shule nililala chini ya Kifaduro pamoja na Fundi Sadock, nikishika beseni huku mafuta yakinidondokea kwapani. Fundi aliniambia pampu ya gari kama hili hulainishwa na dizeli yenyewe; petroli ingeitafuna kabla Mama hajauvuka uwanja wa ndege. Kisha nilinunua petroli kwa akiba yangu ya viatu vya kuchezea mpira, nikampelekea Mzee Shaibu.

Jioni Mama alikaa kizingitini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nilisimama nikisubiri adhabu.

"Kuna mama huniletea mtoto homa ikiwa ya asubuhi ileile," alisema. "Nampa dawa, mtoto anarudi akicheza. Mwingine anaona haya, anamficha ndani siku tatu. Huyo ndiye anayenichosha. Kosa nalo ni hivyohivyo, mwanangu. Kila mtu litampata. Lilete mapema, likiwa bado lina dawa."

Nilifikiri kidogo. Nikasogea mbali na beseni.

"Mama, kwa kuwa bado ni mapema. Mtihani wa hisabati nimepata kumi na nane."

"Kati ya ishirini?"

"Kati ya hamsini."

Mama alifumba macho, akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi," alisema. "Na kigoda chako."