Dozi ya Panya

Kifuniko cha birika kilikuwa kikitetemeka jikoni, kabla hakujapambazuka, simu ya Inspekta ilipolia. Alizima jiko, akajifunga kitambaa, akatoka bila kunywa chai yake.

Daktari mkuu wa maabara ya utafiti alimngoja kando ya jokofu, kichupa mkononi.

"Unga umepungua zaidi ya nusu. Unachotwa kidogo kidogo."

"Unga wa nini?"

"Tezi ya shingoni hutoa homoni inayoongoza mwili uchome chakula. Mwili ukishaitumia, huinyofoa iodini na kuivunja. Zamani tulidhani vinavyobaki ni taka tu. Lakini kipande kimoja, ambacho ndicho unga huu, bado kina nguvu. Panya wazito tukiwapa, wanapungua, wanachangamka, wanapata joto."

"Mtu je?"

Daktari akakirudisha kichupa kwenye jokofu. "Kikizidi, moyo unakwenda mbio mpaka unashindwa."

Kufuli la jokofu lilikuwa zima. Alama za vidole zilikuwa za wafanyakazi wote. Inspekta akatazama rafuni, akaona boksi lililofunguliwa la vibomba visivyo na sindano, vya kunyweshea panya.

"Na hivi vimepungua?"

"Vimepungua."

"Basi mwizi wetu hauzi. Kuna mtu ananyweshwa. Na huenda hata leo ameshakunywa."

Akaenda haraka kwenye chumba cha panya, Daktari akimfuata. Mlishaji wao, ambaye wenzake walimwita Baba Panya, alikuwa akimpasha joto panya mchanga kiganjani. Sweta lake la sufu lilimbana mabegani.

"Sweta zuri," alisema Inspekta. "Ila vifungo ni vya upande wa kike."

Mfagiaji aliyekuwa mlangoni akaangua kicheko. "Afande, mwulize! Siku hizi anatamba na sweta la mama yake. Na bibi yule alikuwa halivui hata juani!"

Baba Panya naye akacheka, kisha kicheko kikakatika.

"Kwa nini amelivua?" Inspekta aliuliza.

"Anasikia joto, afande."

"Na baridi yote hii? Aliwahi kuugua nini?"

"Rovu, ule uvimbe wa shingoni. Walimtoa tezi."

"Anameza dawa?"

"Kila siku. Wakimpima, wanasema yuko sawa. Lakini alikuwa hayuko sawa, afande! Analala tu. Ukimsalimia, hana hata nguvu ya kuitikia. Wakaniambia ni uzee."

"Ukampa nini?"

Baba Panya alimrudisha yule mchanga kwa mama yake, akamfunika pamba taratibu.

"Nilichowapa hawa. Niliwaona wamelegea, wakaamka. Nikasema, mbona mama yangu asiamke? Lakini sikubahatisha! Kila panya hupewa kulingana na uzito wake. Nikampima mama kwenye mizani, nikazidisha."

Daktari alijishika kichwa. "Ndugu yangu! Mwili mdogo unachoma haraka kuliko mkubwa. Huwezi kuzidisha hivyo. Umempa dozi kubwa mno!"

"Lakini ameanza kuimba," alisema Baba Panya, na machozi yakamtoka. "Jana aliimba."

"Nyumbani ni wapi?" Inspekta alishamshika mkono. "Twende!"

Walimkuta mama ameketi kitandani, dirisha wazi, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria. Kifua kilimpanda na kushuka. Inspekta alipomshika kifundo cha mkono, mapigo yalikimbizana chini ya kidole chake.

"Leo amekupa, mama?"

"Bado. Nilikuwa namngoja."

Hospitalini walimpa dawa ya kutuliza moyo. Jioni, mapigo yakapungua. Daktari wa maabara, ambaye angeweza kwenda zake, alibaki akimweleza daktari wa wodi kwamba vipimo vya mama huyu vitazamwe upya, na safari hii asikilizwe anavyojisikia. Inspekta aliandika maelezo ya Baba Panya kwenye benchi la ukumbini, pingu zikiwa mfukoni. Akamwacha amlishe mama yake uji mpaka bakuli likaisha.

Kisha mama akauliza, "Mnamchukua?"

"Ndiyo, mama. Ameiba, na nusura akuue. Lazima ajibu mahakamani. Lakini nitaeleza alichokuwa anakitafuta."

Mama alimtazama mwanawe, akamfuta uji uliomrukia shavuni, kama mtoto. Kisha akamgeukia Inspekta.

"Na wewe uje, mwanangu. Si kwa kazi. Uje tu, tuongee. Nyumba ile sasa itakuwa na mimi peke yangu. Utakuja?"